Kiuno cha Nguzo ya Kumi na Saba

Mama Shahidi anasema alituona kwa macho yake mawili. Anasema ilikuwa Jumanne saa nne asubuhi, yeye yuko kwenye kibaraza chake cha ghorofani anaanika mashuka, akainama kuokota kibanio, na alipoinua kichwa akamwona binti wa fundi makochi amekumbatiana na mwanaume. Si kumbatio la salamu, anasema. Anasema tulikuwa tumefumba macho, mikono imezunguka mpaka vidole vimefumana, na tulikaa hivyo kwa muda uliomtosha yeye kuanika mashuka mawili na foronya nne. Anamalizia kwa kuapa kwamba hakuwa akichungulia, maana kuchungulia si tabia yake.

Sasa niseme ilivyokuwa. Mikono kuzunguka ni kweli. Vidole kukutana ni kweli, na hilo nitalirudia. Ila katikati yetu palikuwa na nguzo ya zege, nguzo namba kumi na saba ya barabara ya juu, na kila mmoja wetu alikuwa ameegemeza shavu upande wake. Mimi macho sikufumba. Yake sikuyaona, kwa sababu ya nguzo.

Hiyo barabara ya juu ilijengwa kabla sijazaliwa. Inapita juu ya mtaa wetu kama dari, inakwenda mpaka mjini, na chini yake watu wamejipatia riziki bila kuezeka. Baba yangu ana karakana ya makochi kati ya nguzo ya kumi na sita na ya kumi na saba, mwaka wa ishirini na mbili huu. Watu wanamwita Misumari, kwa kuwa akiwa kazini anaijaza mdomoni na kuitema mmoja mmoja kwenye vidole, na ukimsalimu anakujibu kwa nyusi. Mimi nilimaliza darasa la saba, nikajifunza kushona, na cherehani yangu ikawekwa pembeni mwa karakana yake, karibu kabisa na nguzo ya kumi na saba. Miaka saba nimekaa hapo.

Nyuma ya karakana kuna kochi letu wenyewe, la watu watatu, mbao tupu. Mama ndiye aliyechagua kitambaa chake, mahameli ya kijani, na baba alikuwa amelivua lile kuukuu ili alivalishe upya. Mama akafariki kabla. Ni miaka kumi na moja sasa. Wateja wengi wameiona ile mahameli juu ya kabati, wameiulizia, na baba huwaambia ina mwenyewe. Nyumbani tunakaa kwenye vigoda. Nikimuuliza kochi letu lini, anasema hatuna mgeni wa kulikalia.

Mwaka mzima mji ulikuwa hauna habari nyingine ila barabara hiyo. Imezeeka, inapasuka, ibomolewe au itibiwe? Wenye vyumba vinavyoitazama walitaka ianguke hata kesho, kwa vumbi na makelele. Wenye kazi chini yake walisema ibaki, na msemaji wao akawa baba. Alikuwa akiitoa misumari yote mdomoni ili azungumzie jambo hilo, na si mambo mengi yaliyowahi kupata heshima hiyo.

Ndipo akaletwa kijana wa kukagua nguzo. Mtaa ukambatiza Nyundo siku ileile ya kwanza. Alikuwa anagonga nguzo kwa nyundo ndogo, anaweka sikio, anahama kidogo, anagonga tena, kama mtu anayechagua tikiti maji. Palipolia vibaya aliweka alama ya chaki. Baba alituonya sote: asipewe kigoda, asipewe maji, asikanyage karakana, maana anatupima jeneza.

Mimi ni mtu wa kutazama. Cherehani haikuzuii kutazama ukishaizoea. Niliona kwamba kila asubuhi anavua kofia akipita mbele ya baba, na baba hata nyusi hampi, na kesho yake anavua tena. Niliona kamba moja ya kiatu ni nyeusi na nyingine ya kahawia. Niliona anamenya chungwa ganda zima bila kukatika, halafu analitazama lile ganda kwa furaha kama amejenga kitu. Wiki ya tatu aliniletea kizibao chake cha kazi, mfuko umechanika. Baba alikuwa amekwenda kuchukua sponji. Nikashona mfuko, na ndani yake nikaongeza kimfuko chembamba.

Aliingiza kidole, akakigundua.

"Hiki ni cha nini?"

"Cha chaki. Kila jioni nakuona unakung'uta vipande."

Hakusema asante. Alinitazama tu, kwa muda ambao haukuwa wa kizibao tena, na mimi nikajifanya natafuta uzi.

Jumanne ile ya Mama Shahidi, futi yake ya chuma ilikatika ulimi akiwa anaizungushia nguzo ya kumi na saba. Aliniomba futi yangu ya nguo. Moja haikutosha, nikabana mbili kwa pini. Yeye akashika upande wa kule, mimi wa huku, tukazunguka. Futi laini ina tabia ya kuteleza, kwa hiyo tukalazimika kuilalia. Vidole vyake vilitokea upande wangu kwanza, vimejaa vumbi la zege, vikitafuta ncha ya futi, vikakuta mkono wangu.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

"Soma basi."

"Nasoma."

Sikuwa nasoma. Nilisoma baadaye kidogo, nikaachia, nikaandika namba kwenye kitabu changu cha wateja, naye akazunguka akainakili kwenye karatasi zake. Ndiyo hayo mashuka mawili na foronya nne.

Baba aliporudi, habari ilikuwa imeshamfikia kabla hajashusha mzigo. Hakunigombeza kwa kelele. Aliibeba cherehani yangu mwenyewe, akaihamishia upande wa nguzo ya kumi na sita, akaiweka imeutazama ukuta. Kisha akaniambia maneno ambayo yalinikaa kifuani kama mfupa: "Mwanaume aliyekuja kutubomolea dari hawezi kukaa sebuleni kwangu. Hata kama ningekuwa na kochi."

Nikashona nikitazama ukuta.

Alhamisi alfajiri barabara ya juu ilifungwa. Tuliamka tukadhani tumekufa. Hakuna lori, hakuna basi, hakuna kitu. Kopo langu la pini, ambalo mchana kutwa huwa linacheza lenyewe mezani, lilitulia kama picha. Baba alipiga msumari wa kwanza akashtuka, akageuka kumtafuta aliyepiga. Na kwa kuwa mtaa mzima tumezoea kuongea kwa kupaza sauti, siku hiyo hapakuwa na siri. Fundi saa alimnong'oneza mkewe kuhusu mama mkwe, tukasikia mpaka wa nguzo ya ishirini. Mama Shahidi naye akaanza kumsimulia mgeni wake habari ya kumbatio, kwa ile sauti yake ya siku zote, na Nyundo alikuwa amesimama chini ya kibaraza chake. Aliisikia yote. Ilipofika kwenye foronya nne aliinua uso akasema, kwa adabu kabisa, "Shikamoo mama, zilikuwa tatu." Mtaa ulicheka mpaka baba akalazimika kujikohoza.

Watoto walicheza katikati ya njia. Bibi mmoja aliyekuwa hafungui dirisha akalifungua. Na mimi, nikitazama ukuta wangu, nikashona kama ninavyoshona siku zote, huku naimba. Niligeuka kuchukua mkasi nikamwona baba amesimama na nyundo hewani, ananiangalia. Nilipotulia akaishusha, akaendelea na kazi.

Sababu ya kufunga tuliipata mchana. Nguzo moja ilikuwa imevimba, walisema. Zamani ilipimwa mzunguko ikawa sentimita mia mbili tisini na sita, sasa imekuwa mia mbili tisini na nane. Nguzo ikivimba maana yake nondo za ndani zinaota kutu na kusukuma zege. Ni nguzo ya kumi na saba. Watu wa kubomoa wakasema si tulisema, na baba akakaa kwenye kopo la gundi, akaegemea ile nguzo kwa mgongo kama mtu anayemshika ndugu yake asianguke.

Ijumaa baada ya saa saba alikuja bibi harusi mmoja kujaribu gauni. Likamkaa vizuri, akafurahi, akauliza mbona mimi sikosei. Nikamwambia sina ujanja, kila ninayempima namwongezea sentimita mbili za kupumulia. Nikafungua kitabu kumwonyesha ukurasa wake.

Chini ya vipimo vya gauni lake, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kulikuwa na mteja mwingine: *Nguzo. Kiuno: 298.*

Nilikaa. Bibi harusi akauliza kama naumwa. Nikamwambia joto.

Maana nilikumbuka futi vizuri, kama ninavyokumbuka vile vidole. Futi ilisema mia mbili tisini na sita. Mkono ndio ulioandika tisini na nane, kama unavyoandika siku zote bila kuniuliza. Nguzo haikuvimba. Niliipa nafasi ya kupumua.

Nilitulia nikayatazama mambo yote mawili. Nikinyamaza, dari ya baba yangu, miaka ishirini na miwili ya jasho lake, itaangushwa kwa uongo wangu mimi. Nikisema, Nyundo ameandika namba ya fundi cherehani kwenye karatasi ya serikali, na kazi yake inaweza kuishia hapo. Na baba, ambaye amekuwa akitafuta kosa lake moja tu, nitakuwa nimempelekea mkononi. Hakuna upande ambao nisingepoteza mwanaume mmoja.

Nilichukua kitabu, nikamwambia baba nakwenda kununua uzi.

Nilimkuta Nyundo kwenye njia ya kupandia, pale walipoweka vizuizi. Nikamwambia nina jambo, si la hapa chini, maana mtaa ulikuwa hauna makelele ya kujificha. Alifikiri kidogo, akaongea na mlinzi, akanivalisha kofia ngumu ya njano iliyokuwa kubwa mpaka masikioni. "Umewahi kupanda juu?" aliuliza. Sikuwahi. Miaka yote hiyo niliijua kwa tumbo lake tu.

Juu kulikuwa na jua na upepo na nafasi, nafasi isiyo na mwenyewe. Mistari myeupe ilikwenda mbele mpaka ikawa mmoja. Niliona mapaa, matangi ya maji, nguo za watu kwenye kamba, na mbali kidogo miti ambayo sikujua kama tunayo. Mama Shahidi alikuwa kwenye kibaraza chake, kadogo, anakunja mashuka. Akatuona. Akaweka mkono juu ya macho ili atuone vizuri zaidi.

"Kesho atasema alituona tunapaa," alisema Nyundo.

Nikampa kitabu kabla moyo haujarudi nyuma. Alisoma kwa sauti, akitabasamu. Bibi harusi, kifua tisini na mbili, kiuno sabini na sita. Sare ya shule, mikono mirefu, mtoto anakua. Nguzo, kiuno. Akaanza kucheka.

"Umeiandikia kiuno."

"Sikujua sehemu nyingine ya kuiweka."

Alicheka tena. Mimi sikucheka. Nikamweleza habari ya sentimita mbili, polepole, bila kuruka. Nikaona kicheko kinamtoka usoni kidogo kidogo kama maji kwenye mchanga.

"Kwa hiyo haikuvimba," alisema.

"Haikuvimba."

"Na mimi nimefunga barabara ya mji mzima."

"Tumefunga."

Alikaa kwenye ukingo wa barabara, akashika kofia yake kwa mikono miwili. Nikakaa pia, mbali kidogo. Nikasema kosa ni langu, nitakwenda mwenyewe kwa bosi wake, niseme kwa mdomo wangu. Akatikisa kichwa.

"Ungeweza kunyamaza."

"Ningeweza."

"Baba yako angekosa dari, lakini angepata mwingine wa kumlaumu. Mimi. Wewe usingeguswa."

"Mimi ndiye ningekuwa najua," nilisema.

Alinigeukia. Nimesema mimi ni mtu wa kutazama, lakini sijawahi kutazamwa vile, na sikujua mikono huwa inawekwa wapi.

"Sikiliza," alisema. "Kazi yangu ilikuwa kusoma futi mwenyewe. Nilizunguka nguzo nije nisome, nikauona mkono wako, nikanakili kilichokuwa kitabuni. Wiki tano nasikiliza zege. Siku ile ungeniambia nguzo ina miguu ningeandika."

Nilikuwa nimeangalia viatu vyake, kamba nyeusi na kamba ya kahawia, na furaha imenijaa mahali pasipofaa kabisa, katikati ya balaa.

Baadaye nilimuuliza lile ambalo mji mzima ulikuwa unauliza. Ibomolewe au ibaki? Akapiga lami kwa kiganja, taratibu, kama mgongo wa mnyama. Akaniambia nguzo ya kumi na saba ni nzima kuliko yeye mwenyewe. Nguzo ya tisa inaumwa. Zilizobaki zimechoka, na kuchoka si kufa. Lakini kuna sehemu moja hajaisikiliza, nayo inamnyima usingizi, ile sakafu ya barabara iliyo juu ya karakana ya baba. Hajaruhusiwa kuingia. Na bila hiyo, chochote atakachoandika kitakuwa ni kubahatisha.

"Kabla ya bosi wako, tuanze kwa baba," nilisema. "Akiyasikia haya kwa Mama Shahidi, mimi sina baba tena."

"Atanimaliza."

"Inawezekana."

Akasimama, akaniinua kwa mkono. Mkono hakuuachia mpaka tulipofika kwa mlinzi.

Baba alipotuona tunakuja pamoja alisimama. Nyundo alivua kofia nje ya mstari wa karakana, hakukanyaga ndani. Mimi ndiye niliyesema yote, kuanzia futi hadi kitabu. Nilipofika kwenye kupumulia, baba alianza kutoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akiipanga kwenye kiganja. Nikajua ni zito. Alipoutoa wa mwisho, alifuta midomo, akachukua simu yake juu ya meza, akaishika tu.

"Nikipiga simu moja sasa hivi, kijana," alisema, "kesho hutaruhusiwa kugonga hata mlango wa choo."

"Najua, mzee."

"Na bado umekuja."

"Binti yako alisema tuanze kwako."

Baba aliniangalia mimi, akamwangalia yeye, akaiangalia simu. Kisha akaiweka mezani, kioo kikiwa chini, akasema futi ziko wapi.

Tukaipima upya, watu watatu. Mimi upande huu, Nyundo upande ule, na baba katikati anashika pini na kuhakikisha futi haipandi wala haishuki. Vidole vyetu vilikutana tena, safari hii mbele ya macho ya baba, na nikaona anageuza uso kidogo, kama anasoma kitu kwenye zege. Akainama, akasoma namba.

"Mia mbili tisini na sita," alisema. Akainuka. "Bila ya kupumulia."

Nilitegemea atafurahi, kwa sababu alikuwa ameshinda. Alikaa kwenye kopo lake la gundi, na kwa mbali tukasikia mtu anasuuza vyombo.

"Jana ulikuwa unaimba nini?" aliniuliza.

Nikamwambia ni ule wimbo wa mama, wa kufulia. Sijui maneno yote, mengine natia yangu.

"Umeanza lini kuimba?"

"Naimba kila siku, baba. Tangu nikae hapa."

"Hatua nne kutoka kwangu."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Miaka saba, alisema, na alidhani ameletewa bubu na Mungu amtunze. Kisha akasimama kama mtu aliyefika mwisho wa hesabu, akaenda kwenye kabati, akavuta droo ya chini kabisa, ile ambayo hata mimi sina ruhusa ya kuifungua. Akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha kochi. Akakifungua juu ya meza. Lilikuwa donge la zege, kubwa kama mkate, na ubavuni mwake kipande cha nondo kimeota kutu nyekundu.

"Liliangukia hapo," alisema, akionyesha katikati ya karakana, kisha juu. "Mwaka jana, kabla ya mvua, wewe umekwenda kununua uzi. Kwenye kochi la mteja. Alikuwa ameinuka muda uleule kwenda kutazama rangi za kitambaa. Nikashona palipochanika, nikafunika, sikumwambia mtu. Nilijiambia ni moja tu. Tangu siku hiyo, nikipiga msumari natazama juu."

Nilikuwa nimekaa hatua nne tu kutoka pale, mwaka mzima.

"Mwanangu amekuja kusema ukweli wa sentimita mbili," baba alisema. "Mimi nimekaa na mkate huu mwaka mzima, nikisimama mbele za watu nasema barabara ni nzima." Alilisukuma donge mpaka upande wa Nyundo. "Ingia. Ngazi iko nyuma ya mbao. Gonga utakavyo."

Nyundo alikanyaga karakana yetu kwa mara ya kwanza kama mtu anayeingia nyumba ya ibada. Akapanda ngazi, mimi nikaishika. Akagonga, akasikiliza. Akagonga, akasikiliza. Na kwa kuwa hakukuwa na magari, hata sisi tulisikia. Mahali pengine zege lililia kama kengele, na mahali pengine likalia kama ndoo tupu. Kila palipolia ndoo alitoa chaki kwenye kile kimfuko chembamba, akazungushia. Alama zilifika kumi na moja.

Alimpigia bosi wake simu palepale. Hakuficha kitu, alianza na futi ya fundi cherehani, na tukamsikia bosi anavyofoka, kwa sababu siku hizo kila kitu kilisikika. Aliitwa jina ambalo sitaliandika. Alijibu ndiyo mkubwa, ndiyo mkubwa, nitaandika barua ya kujieleza. Kisha akaeleza donge, na duara kumi na moja, na kule upande wa pili kufoka kukakoma. Bosi akasema nguzo ni nzima, sawa, lakini barabara isifunguliwe. Jumatatu atakuja mwenyewe aone. Lilete hilo donge. Na huyo mzee aliyelitoa, akasema, mshukuru.

"Umemsikia, mzee," alisema Nyundo, akimtazama baba.

Ibomolewe au itibiwe, hakuna aliyejua bado. Baba alisema wakibomoa ataomba sehemu yenye paa, na wakitibu atarudi palepale, ila mimi cherehani yangu isikae tena chini ya duara. Akaibeba mwenyewe, akairudisha kwenye nguzo ya kumi na saba, imetazama njia.

Ghorofani kibaraza cha Mama Shahidi kilikuwa kimejaa. Alikuwa ameleta kiti.

Nyundo alilifunga donge, akalikumbatia ubavuni. Ilimpasa aondoke, alishaaga. Hakuondoka. Alivua kofia ambayo tayari alikuwa ameivua, yaani alishika kichwa, akakuta hakuna kitu, akashusha mkono. Nikajua linakuja. Moyo ulinipiga hata nikaona mtaa mzima unausikia.

"Mzee," alisema, "naomba Jumapili nije na mjomba wangu na shangazi yangu. Si kwa habari ya nguzo."

Baba alimtazama. Alinitazama na mimi, na sijui aliona nini usoni kwangu, maana sikuwa nimekificha. Akanyoosha mkono kwenye kopo la misumari, akachukua mmoja, akauweka mdomoni. Wa pili. Wa tatu. Akaendelea mpaka mdomo ukajaa, na mtu akiwa hivyo hakuna wa kumdai neno.

Akaenda nyuma ya karakana. Tukasikia mbao zinaburutwa. Akarudi na kochi letu, la watu watatu, mifupa mitupu, akalipuliza vumbi la miaka kumi na moja. Akapanda kigoda, akashusha mahameli ya kijani juu ya kabati, akaikung'uta mara moja, na rangi yake ilikuwa kama imenunuliwa asubuhi ile. Akaniashiria kwa nyusi nije nishike upande wa pili.

Nikashika.

"Mzee?" alisema Nyundo.

Baba aliivuta mahameli ikakaza, akainama, akatema msumari wa kwanza kwenye vidole.